Shubiri Moja

Nimeifunga mabua mawili ya mtama miguuni,
kwa msalaba, ncha zake nimezivika vipira vya tenisi ya meza,
isije ikapinduka tena
kama Jumapili ile ilipovunjia mapanga yake
kwenye kichuguu cha Nkuhungu.

Lechipya aliniambia kwa simu: Mama, mkia uelekee kwako.
Usiitake mbingu. Itake shubiri.

Nasukuma kwa kidole gumba, kidogo,
kama mtu anayeonja chumvi.
Vumbi jekundu linaamka kabla yake.
Inatetemeka, inateleza, inachechemea hewani;
mbuzi wa Mdachi wanatimka
nami natua, yaani naanguka kwa adabu.

Betri, dakika sita. Kuichaji, saa nzima.
Nimeshamenya karanga nusu debe.

Jana upepo uliigeuza ikanitazama usoni:
kulia kwangu kukawa kushoto kwake.
Nikaivuta ije, ikaenda zake miibani.
Nikacheka peke yangu uwanjani.
Ndivyo tulivyokuwa, mimi na Lechipya,
mwaka ule wa kidato cha tatu.

Leo imesimama.
Nimehesabu: moja, mbili, tatu, n—