Ukurasa wa Kutoka

Mwezi wa tatu sasa kahawa imelala ghalani,
imekobolewa, imepepetwa, imepangwa kwa madaraja,
haina cha kuvaa.

Magunia yako njiani, wanasema.
Yalikuwa njiani Novemba, yalikuwa njiani Krismasi.
Nimejua majina ya bandari nisizozijua,
Chittagong, Colombo, Salala,
nayataja kama mtu anayeulizia wagonjwa
waliolazwa wodi moja.

Mimi ni karani wa ghala, hapa Moshi, nyuma ya reli.
Naandika kinachoingia, naandika kinachotoka.
Ukurasa wa kutoka ni mweupe
kuliko Kibo ya siku hizi.

Jana Anaeli alishuka kutoka Kibosho,
stakabadhi ameifunga kwenye ncha ya leso.
Hakuuliza bei. Alitaka tu kuiona mali yake.
Akachota buni kiganjani, akazinusa,
akazirudisha punje kwa punje
kama anayerudisha chenji iliyozidi.

"Kahawa ipo."
Ipo.
"Mnunuzi yupo."
Yupo, anapiga simu kila Jumatatu.
"Mnangoja gunia."
Gunia.

Akanyamaza. Kisha:
"Juzi nilikwenda msibani Same.
Mkonge umesimama kandokando ya barabara, mikuki juu,
kama jeshi ambalo hakuna aliyelipa amri."

Ningemwambia nini?
Kwamba kiwanda cha magunia kilifungwa
nikiwa darasa la tano?
Mama yangu alifuma pale zamu ya usiku,
alirudi alfajiri na nyuzi kwenye nywele,
tukamchambua kama kuku, tukicheka.
Siku moja wakaambiwa ya Bangladeshi ni nafuu.
Na yalikuwa nafuu kweli.
Hilo ndilo linaloniuma: hawakudanganywa.

Kuna aliyeshauri mifuko ya saruji.
Hajui kahawa.
Kahawa hushika harufu ya jirani yake,
ilaze karibu na dizeli
uone Mjerumani atakunywa nini.

Anaeli alipanda zake mlimani na karatasi ileile.
Ada ya mtoto wake iko Chittagong.
Mbolea yake ya masika iko mahali fulani baharini,
hata mwenye duka hajui.

Usiku nilimsimulia mama.
Alikuwa anachambua mchele, miwani puani.
"Mnapungukiwa mangapi?"
Elfu nne, mama.

Akaweka ungo chini.
Akavitazama vidole vyake, vilivyopinda sasa,
akavikunjua kimoja, kimoja,
midomo ikicheza bila sauti:
alikuwa anahesabu zamu.