Ampea Tano

Mwaka ule umeme wa serikali ulipokata roho,
Vartkes fundi saa aliburuta jenereta
hadi chini ya ngazi zetu, hapa Burj Hammud,
akatupia waya dirishani kama kamba ya kuanikia.
"Ampea tano tu, Bi Sirvart. Mpaka vita viishe."

Vita vikaisha. Tukapiga vigelegele,
tukafagia vioo, tukazika tuliowapata.
Waya ikabaki.

Kila tarehe mosi mwanawe hubisha hodi na daftari.
Anajua nani kafiwa, nani kanunua friji,
binti wa nani hukesha akisoma.
Wizara haijui hata kama tungali hai.

Sasa picha yake iko ukutani, kavaa tai nyekundu,
anaomba kura.
Mjukuu wangu, yuko darasa la tatu, ananiuliza:
"Bibi, serikali ni nini?"
Cherehani inanguruma. Nashona bendera zake,
mia mbili, kwa malipo ya mwezi mmoja wa taa.

Nanyoosha sindano dirishani, kwenye ile waya.
Imenenepa kwa masizi na kinyesi cha njiwa,
na nguo zetu, kweli,
siku hizi tunazianika hapo.