Kahawia

Jumanne asubuhi mlima umejifunika.
Maabara inanuka zailini, na koridoni
chai ya tangawizi inapoa kwenye kopo la Msangi
kwa kuwa kuinywa ndani ni marufuku.
Naweka kioo chini ya darubini:
namba mia nne kumi na saba,
Aikande, miaka thelathini na tisa, Kiboriloni.
Kinyama cha mlango wa kizazi,
kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

Nazungusha gurudumu, picha inatulia.
Kahawia.
Kahawia toka chini hadi juu,
kama buni iliyoanikwa na mtu mwenye pupa,
huoni hata uzi mmoja wa mkeka.

Rangi hii imeshika protini.
Wanafunzi wanaiita breki, pe kumi na sita,
na wanadhani penye breki nyingi
gari litasimama.
Ndipo ninapowasimulia habari ya Kibosho,
nikiwa darasa la tano, mwaka mfongo ulipokonda
ukawa mwembamba kama mkanda wa shule.

Usiku ule zamu ilikuwa yetu.
Baba mdogo Ndelilio akamkuta Kiwelu njiani, jembe begani,
akamshika mkono. Hakumwachia.
Walikaa kwenye umande hadi majogoo,
mmoja ameshika, mwingine ameshikwa,
wakitukanana kwa adabu, maana walikuwa mashemeji.
Kumbe jiwe la lango, na matope, na gogo la mgomba,
vilikwisha kung'olewa tangu saa nne
na mtu asiyekuwa hata na jembe.
Maji yalishuka nyuma ya migongo yao usiku kucha.
Asubuhi maharage yetu yalikuwa yanaelea.

Kimeng'enya ndiye Kiwelu.
Akiamshwa na mwenzake saiklini
hulipiga lango kwa fosfeti, pigo baada ya pigo,
mpaka lilegee, na seli moja iwe mbili.
Bila yeye kidonda cha panga kisingefunga,
wala mimi nisingefikia urefu wa meza hii.
Sina ugomvi naye.

Kirusi ni maskini. Jeni nane hivi, basi.
Hana karakana, na seli iliyolala haimfai kitu.
Kwa hiyo E saba yake huling'oa lango zima,
na E sita humwendea mlinzi wa usiku,
yule ambaye angeiamuru seli ife
kuliko igawanyike na makosa yake,
humbandika alama ya taka,
na wafagiaji wa nyumba ileile
humzoa bila kumtazama usoni.

Seli huyasikia maji. Hupiga yowe: mshikeni mkono!
Hutengeneza breki, na breki, na breki tena,
Kiwelu kwa maelfu wameshikwa viwiko,
wametulia, hawana hatia,
na maji yanapita.

Yowe hilo ndilo ninalolipaka rangi.
Sijawahi kulisikia. Nalisoma tu,
kahawia juu ya buluu, saa tatu na robo,
huku mtu anaburuta kitanda chenye gurudumu bovu
kuelekea wodi ya wazazi.

Sasa nashuka na lenzi kubwa, polepole,
hadi kwenye utando wa chini, ule mstari
unaotenga ngozi na nyama. Nautembea wote.
Naurudia. Namwita Msangi, naye anautembea,
anakohoa, anasema, "Mzima."
Nautembea mara ya tatu.

Mzima. Halijavuka.
Yaani kuna kukata, kuna kuchoma, kuna mwakani.

Naandika majibu kwa mkono unaoteleza.
Simu yake haipatikani. Haipatikani.
Saa sita na nusu inaita,
nyuma yake kuna kelele za mnada wa mitumba,
mtu anataja bei ya mashuka.

"Nani? Sema haraka, nina mteja."