Fundi Kompyuta

Mama huwaambia majirani wa Tukuyu:
"Subilaga? Fundi kompyuta."
Basi wananiletea redio zilizokufa,
pasi, hata saa ya ukutani.

Kwenye usaili Mbeya, viti viwili, watu mia tatu.
"Umesomea nini hasa?"
Nikaeleza mpaka chai yao ikapoa.

Sasa napiga picha daftari za ubatizo za usharika,
ukurasa kwa ukurasa, nikishindana na mchwa.
Mvua haikatiki,
umeme ndio unaokatika.
Wino wa bluu, mwandiko wa kulala:
Tupokigwe, binti wa mfua chuma.

Jana Ambakisye alikuja kutafuta umri wake,
adai mafao.
Tuliupata. Mchwa wamemlia mwezi,
mwaka wamemwachia.
Akanipa mkungu wa ndizi,
akauliza: "Na redio, lini?"