Hana Rahani

Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani, walituita hivyo:
wale wa Hanarahani.
Mwenye duka akikataa kutukopesha
alicheka kwanza, ndipo akasema,
"Na jina mmejipa wenyewe."

Bibi Nora hakucheka.
Alikuwa na madoadoa ya kahawia mabegani
na neno moja la baba yake
alilowatukania mbuzi wakila kanga kambani:
"Amadani! Amadani we!"
Maana yake hakuijua, wala mbuzi.
"Baba alikuwa fundi wa reli," alisema.
"Alifia Korogwe, homa ya mkojo mweusi,
mie ningali nanyonya."
Basi. Akarudi kwenye ukili wake.

Masijala ina feni moja na foleni.
Nimeleta barua ya serikali ya mtaa,
nimelipa, stakabadhi ninayo,
na bado karani Semboja ananitazama
kama niliyekuja kudai kiwanja.
"Ndoa ya mwaka gani?"
Ishirini na tano. Au sita.
"Elfu mbili ishirini na—"
Elfu moja mia tisa.
Akaweka kalamu chini.

Siku ya tatu akaleta daftari refu
lililofungwa kwa kamba ya mkonge.
Mchwa walikuwa wamekula Januari yote,
wakaonja Februari,
Machi wakaiacha.
Huenda wino ulikuwa mchungu.

Namba kumi na saba.
Jina la mume: Thaddeus Hanrahan.
Nalisoma kwa sauti ya chini, na ulimi
unakosa pa kukanyaga kati ya n na r,
unatia a, kama walivyotia wao,
na palepale, chini ya feni,
babu anageuka mtu asiyeweka kitu rehani.

Umri: mtu mzima. Miaka hawakuandika.
Hali: kapera.
Kazi: fundi wa injini.
Baba yake: Daniel, mkulima, marehemu, Kilrush, Ayalandi.
Jina la mke: Mashavu binti Shemweta.
Umri: mtu mzima.
Kazi: kistari.
Kistari kifupi cha wino
kwa mwanamke aliyelima mihogo Pongwe
na kuimenya, na kuianika, na kuitwanga,
na kuiuza kwa vibaba mpaka Muheza.

Pa sahihi yake pana dole gumba.
Amelikandamiza hadi mistari imefurika,
kama anayeziba tundu la mtungi.
Nikaweka langu juu yake.
Semboja akakohoa.
"Dada, nyaraka haziguswi."
Ila nakala alinitolea.

Nikaandika Ayalandi. Masika ikapita, vuli ikapita.
Bahasha nikaifungulia palepale Posta, nimesimama.
Ndani, ndoa mbili.

Ya kwanza, ya wazazi wake: Daniel na Honora.
Honora. Kumbe ndiko jina la bibi lilikotoka,
likakatwa kichwa njiani.
Hajui kuandika, ametia alama:
msalaba uliopinda, mguu wa kuku kwenye vumbi.

Ya pili ni ya mwaka thelathini na mmoja.
Mume: Thaddeus Hanrahan.
Kazi: fundi wa injini.
Hali:
kapera.

Nikahesabu kwa vidole, mbele ya watu.
Bibi alikuwa na miaka mitano.
Basi Korogwe hakuna kaburi.
Homa ile ilitungwa Pongwe, jikoni,
na mwanamke asiye na kazi,
akamfisha mumewe kwa heshima zote
ili mtoto awe yatima,
asiwe aliyeachwa.

Bibi amezikwa hajui. Nami sikwenda kumwambia.

Usiku huu nimeziweka mezani:
dole la Mashavu,
mguu wa kuku wa Honora.
Mtu na mkwewe, hawakuwahi kuonana.
Na kati yao, kwa mwandiko mzuri ulioinamia kulia,
sahihi mbili za yule aliyejua kuandika.

Amadani, nasema.
Nje, kwenye kamba ya jirani,
mbuzi anaacha kutafuna.