Mlango wa 1706

Kwanza nilinunua maiti mbili:
moja imekatika pua, nyingine haina mota,
kwa bei ya mkate na siagi
kutoka kwa mjane wa Kivelä, mtaa wa tatu,
aliyetaka kabati lake lirudi kuwa kabati.
Ndivyo ilivyotakiwa kuanza hata ile ya kweli:
injini mbili zilizogongana Januari,
tuzikate, tuziunge, tutoe moja iliyo hai.

Nasema "ya kweli." Haikuwahi kuwepo.
Nilikuwa msichana wa meza ya michoro,
Irja wa ghorofa ya pili, penseli sikioni.
Karatasi kumi na nne za dizeli ile nilizichora mimi,
kila msumari, kila bomba la mafuta,
hadi Ijumaa ile bwana Prudhomme alipopanda ngazi
na muhuri mwekundu: IMEFUTWA.
Miezi minane baadaye wakaifuta na karakana.

Karatasi nikazibeba ndani ya koti.
Wizi? Nani huiba kilichokwisha futwa.

Sasa niko hapa chini ya nyumba, Thunder Bay,
theluji imeziba dirisha hadi nusu,
naona buti za wapita njia, basi.
Moja kwa themanini na saba:
mtu mzima anaenea kwenye pingili ya kidole.
Wavu wa feni ni chujio la chai.
Vishikio vya ngazi ni uzi wa gita la Onni,
ule mwembamba, uliokuwa ukikatika kila sikukuu
naye akitukana kwa Kifini ili watoto wasielewe,
nao wakielewa.
Mkono unatetemeka. Nimejifunza kungoja
kati ya pigo la moyo na pigo lifuatalo;
hapo brashi hutulia kidogo,
hapo ndipo naandika
moja, saba, sifuri, sita.

Tapio, mjukuu, akashuka na soksi zilizolowa.
"Bibi, hii ilikuwepo kweli?"
Nikamwambia: shika kibano.

Ikamalizika, ikang'aa. Sikuipenda.
Iling'aa kama uongo.
Nikaanza basi kuipa miaka:
masizi mgongoni, kwa unga wa chaki;
kutu miguuni; chumvi ya barabara
pale reli inapokatiza njia kuu;
mkwaruzo ubavuni, huo ni wa mwaka tisini na moja,
dereva mlevi wa lori la magogo, nimeamua hivyo;
bati moja la kijani kisicholingana,
wakati fedha zilipopungua.
Miaka ishirini na mitatu ya kazi
niliipa kwa jioni nne.
Hakuna aliyepanda ngazi kunizuia.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.
Karatasi ya tisa ina kosa.
Mlango wa dereva, ukifunguliwa, ungegonga kishikio.
Inchi mbili tu.
Nililiona wiki moja baada ya muhuri,
nikiwa kwenye basi, ghafla,
kama mtu anavyokumbuka jiko aliloliacha likiwaka.
Nikashukuru, Mungu anisamehe, kwamba wameifuta.
Watu mia mbili na kumi walikuwa wakingoja
kujua kama wana kazi,
nami nashukuru kwa inchi mbili.

Inchi mbili, kwa kipimo changu, ni unene wa ukucha.
Jana usiku nilichukua tupa ndogo,
nikasugua, nikapuliza, nikasugua.
Kisha kwa ncha ya sindano
nikausukuma mlango.

Ukafunguka wote.
Ndani kiti kimoja, cheusi, hakina mtu.
Nikauacha wazi,
nikazima taa, nikapanda kulala.