Kura Kumi na Moja

Saa kumi na moja alfajiri naliwasha basi namba nne.
Linakohoa kama marehemu baba, kisha linakubali.
Nje theluji imelalia mabua ya mahindi,
na barabara ya kaunti haina mwanzo wala ukingo.

Wa kwanza ni Orrin Stanek, darasa la pili,
mkoba wake mpana kuliko mgongo.
Kisha mapacha wa kina Bohaty,
wananukia zizi, wanagombania ndoto ya jana.
Kisha Yaretzi, ambaye mama yake hukata nyama kiwandani, zamu ya usiku.
Yeye huhesabu ngazi za basi kwa sauti,
moja, mbili, tatu,
kila siku, kana kwamba ngazi huweza kupungua.

Kumi na tisa kwa jumla.
Ndiyo wilaya yetu ya Marenka, Nebraska: shule mbili,
boila moja bovu, wapishi wawili,
na Mwalimu Ludmila Kucera anayefundisha hesabu, muziki,
na ikibidi, kufunga kamba za viatu.

Novemba walituletea karatasi.
Je, unakubali kodi ya ardhi iongezwe,
paa la shule ya msingi lizibwe, boila libadilishwe?
Ndiyo. Hapana.
Viduara viwili, vidogo kama macho ya panya.

Nilikuwa nimetoka kuuza ndama kwa bei ya kutupa.
Deni la trekta lilining'inia kwenye friji
chini ya sumaku yenye umbo la basi,
zawadi ya watoto wa mwaka ule.
Mkono mtupu haulambwi, nikajiambia.
Nikatia wino kwenye Hapana,
nikaifunika karatasi kwa kiganja
kama mwanafunzi anayeficha jibu.

Tulishindwa kwa kura kumi na moja.
Tulishindwa, nasema. Sikia ulimi unavyojificha.

Jana usiku bodi ilikaa kwenye ukumbi wa michezo,
chini ya bango la ubingwa wa mwaka 1987.
Viti vya chuma vililia kila mtu alipohema.
Virgil wa boila alisimama, kofia mkononi:
"Nimelifunga kwa waya miaka sita.
Waya umekwisha."
Akaketi.

Mwenyekiti akasoma. Mwezi Mei, mlango utafungwa.
Watoto watapelekwa Ashgrove, maili thelathini na nane,
na dereva ataongezewa saa mbili, na malipo yake.
Watu wakanigeukia, wakanipigia makofi
polepole, kama ya msibani.
Mwalimu Ludmila naye alipiga.
Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Leo Yaretzi amesimama kwenye ngazi ya pili.
"Basi la Ashgrove lina ngazi ngapi?"
"Ni hili hili. Tatu."
"Na dereva?"
"Mimi."
Akashusha pumzi, akamalizia ya tatu,
akaenda kukaa nyuma yangu, upande wa dirisha.

Kwenye kioo cha juu nilimwona
akivua glavu, akichora kwa kidole
juu ya ukungu wa pumzi yake
viduara viwili,
halafu pua,
halafu mdomo unaocheka.